Mbwa wako wa kike akiugua baada ya joto, usingoje kesho

Kama unafuga mbwa wa kike ambaye hajatolewa kizazi, andika tarehe kila anapoingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Andika kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani, mradi uipate siku utakapoihitaji. Ugonjwa ninaouogopa kuliko yote kwa mbwa hawa ni mji wa mimba kujaa usaha, ambao madaktari huuita payometra. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi miwili baada ya joto, na bila hiyo tarehe dalili zake utazidhania kuwa za ugonjwa mwingine.

Wakati wa joto, mlango wa mji wa mimba hulegea na bakteria, hasa wale wa kinyesi chake mwenyewe, hupata njia. Joto likiisha, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili, awe amepandwa au la. Homoni hiyo hunenepesha ukuta wa mji wa mimba na kudhoofisha kinga yake, kwa hiyo bakteria walioingia huzaliana kwa raha. Kadiri umri na majoto yanavyoongezeka ndivyo hatari inavyokua, ingawa mbwa mdogo pia hupata.

Malkia, mbwa wetu wa ulinzi hapa Kiamunyi, Nakuru, alianza na maji. Karai tulilojaza asubuhi lilikuwa limekauka kufikia saa nne, na barazani kuna mikojo, yeye ambaye tangu utotoni alikuwa akienda nyuma ya migomba. Ugali na matumbo aliunusa akageuza kichwa. Alijilamba nyuma bila kukoma, na gunia alilolalia lilikuwa na doa la hudhurungi linalonata, lenye harufu ya kitu kilichooza. Jirani alisema ni homa ya kupe. Hakuwaza vibaya, maana huku kwetu kupe ni wengi na mbwa mwenye homa hiyo pia hukataa chakula na kulala tu. Lakini kalenda ilionyesha kwamba joto lake lilikuwa limeisha mwezi mmoja hivi nyuma. Swali la kwanza la daktari lilikuwa hilo hilo: "Mara ya mwisho alikuwa kwenye joto lini?" Akampiga picha ya altrasaundi, akamtundikia dripu, na jioni hiyo akamfanyia upasuaji wa kutoa mji wa mimba pamoja na ovari.

Malkia alikuwa na bahati kwamba usaha ulikuwa unatoka. Mlango ukijifunga, hutaona chochote nje. Tumbo linavimba, watu wanasema ana mimba, kumbe sumu inaingia kwenye damu na kuumiza figo, na mji wa mimba unaweza kupasuka. Kwa hiyo msisubiri usaha. Mbwa aliyetoka kwenye joto karibuni, anakunywa maji kupita kiasi, hali chakula, anatapika au amelegea, mpeleke siku hiyo hiyo. Homa si lazima iwepo. Na tumbo lake usilibonyeze-bonyeze.

Naomba pia tuache kununua viuavijasumu kwenye agroveti na kujaribu bahati. Usaha unaweza kupungua kwa muda, kisha ukarudi joto lijalo. Panadol na Brufen za binadamu zinaweza kumuua mbwa. Zile sindano za homoni za kuzuia mimba, ambazo wengi wetu tumeuziwa kama njia rahisi, huongeza hatari ya ugonjwa huu huu. Anayetaka kumdunga mbwa wako, muulize kama amesajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya.

Si kila uchafu ni payometra. Aliyezaa hutoa majimaji ya kijani kibichi mwanzoni, kisha mekundu ya hudhurungi kwa wiki kadhaa, na hiyo ni kawaida. Yakinuka vibaya, naye ana homa na anawakataa watoto wake, huo ni uambukizo wa baada ya kuzaa na ni wa dharura. Mbwa anayezurura akidondosha damu isiyohusiana na joto, mwangalie vizuri: huenda ana uvimbe wa nyama wenye vifundo ndani ya uke. Hiyo ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na nyingi hupona kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, anazotoa daktari kila wiki.

Tausi, binti yake Malkia, tulimtoa kizazi mwaka huo huo akiwa mzima. Daktari alitaka tungoje miezi mitatu hivi baada ya joto, kwa sababu wakati wa joto mishipa ya damu ya huko hujaa na kuvuja damu huwa rahisi. Jioni ile alikuwa ameshasimama, na gharama ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na ya mama yake.