Hati iko kabatini kwako, jina kwenye rejesta ni la marehemu

SWALI: Mwaka 2017 nilinunua nyumba Mbagala, Dar es Salaam. Muuzaji alinikabidhi hati halisi na tukaandikishiana serikali ya mtaa. Sikubadilisha jina. Sasa amefariki. Kuna kijana anayejua watu wa ardhi, anasema atanimalizia uhamisho kwa fomu yenye sahihi ya marehemu na tarehe ya nyuma. Nikubali, au hati niliyonayo inatosha?

JIBU: Usikubali, na hati hiyo haitoshi. Nianze na hati, maana ndiyo inayowaponza wengi.

Watu wanaifungia kabatini wakiamini aliyeishika ndiye mwenye nyumba. Sivyo. Mmiliki ni yule ambaye jina lake limo kwenye rejesta ya Msajili wa Hati. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inasema mauzo ya ardhi iliyosajiliwa hayahamishi haki mpaka yasajiliwe. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia kwamba mlikubaliana na fedha zikatoka, basi. Na aliyemo kwenye rejesta anaweza kuripoti polisi kuwa hati imepotea, akaapa, tangazo likatoka, akapewa nyingine. Siku hiyo yako inabaki karatasi tupu. Msimamizi wa mirathi akishaandikishwa anaweza kupita njia hiyohiyo.

Kwa hiyo wiki hii omba upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa rejesta kwa Msajili, kwa namba ya hati, uone kama kuna rehani au amri ya mahakama. Kisha weka zuio, wanaloliita kaveati, ukiambatisha kiapo na mkataba wako. Halikupi umiliki, ila linamzuia mwingine kusajili muamala juu ya nyumba hiyo bila wewe kujua. Angalia pia kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu. Usiolipiwa, mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake.

Halafu kaa na familia. Wafungue mirathi, mahakama imteue msimamizi (Mahakama ya Mwanzo humpa Fomu Na. 4), naye aandikishwe kwanza kwenye rejesta kwa nafasi hiyo. Hapo ndipo anaweza kukusainia mbele ya wakili: Fomu Na. 29 ya kuarifu mauzo, Na. 30 ya kuomba kibali, na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Utahitaji ripoti ya uthamini, risiti za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni, na uthibitisho wa TRA kwamba kodi ya faida ya mauzo imelipwa. Kodi hiyo ni ya upande wa muuzaji, lakini bila uthibitisho huo faili halisogei, hivyo kubalianeni mapema nani atatoa fedha. Kama ilikuwa nyumba ya familia na mjane hakuridhia mauzo ya 2017, mtafute kabla hajatafutwa na wakili. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda.

Sasa huyo kijana. Sahihi ya marehemu ni kughushi, na ni jinai. Cheti cha kifo kina tarehe, wakili aliyegonga muhuri ana kumbukumbu zake, na warithi wanajua baba yao alilazwa lini. Usajili uliopatikana kwa udanganyifu hufutwa, ukabaki huna nyumba na una kesi, wakati madai yako ya haki ulikuwa nayo tangu mwanzo. Wengine watakwambia mtumie hati ya uwakala aliyoacha marehemu, ile inayomruhusu mtu mwingine kusaini kwa niaba yake. Uwakala hufa na aliyeutoa.

Nanyi mnaonunua leo, mtu akiwaambia "chukua hati, jina tutabadilisha baadaye", msilipe fedha zote. Fomu zote tatu zisainiwe siku ya mkataba, pamoja na ridhaa ya mwenza wa muuzaji, picha na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, na salio la mwisho libaki kwa wakili mpaka uhamisho usajiliwe.