Jibu: kwa nini meli ya bahari kuu haihisi tsunami
Ndugu, umeuliza inakuwaje tsunami ipite chini ya meli mabaharia wasijue, kisha ibomoe pwani. Angalia urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele. Wa tsunami hufika kilomita 100 na zaidi, huku kimo chake bahari kuu mara nyingi hakifiki mita moja. Meli inanyanyuliwa polepole, dakika kadhaa, nani atahisi?

Kasi ya wimbi hutegemea kina cha bahari: zidisha kina kwa mita na 9.8, tafuta kipeuo cha pili, unapata mita kwa sekunde. Mita 4,000 zinakupa takriban kilomita 700 kwa saa! Ndiyo maana ile tsunami ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia, Desemba 26, 2004, ilifika Somalia siku ileile. Ufukweni kina hupungua, wimbi linapunguza mwendo, maji ya nyuma yanayabana ya mbele, kimo kinapanda. Ukiona maji yamekupwa ghafla si wakati wake, kimbilia mlimani, usiokote samaki.