Pikipiki iliyokaa kwa fundi wiki saba

Kila Jumamosi mke wangu alikuwa na swali moja: "Hivi huyo fundi anatengeneza pikipiki au anaifuga?" Na kila Jumamosi mimi nilikuwa na jibu jipya. Spea haijafika kutoka Dar. Fundi kafiwa, kaenda Chunya. Fundi karudi ila umeme unasumbua. Kumbe pikipiki nilishaiuza Mbalizi kwa bei ya kutupa, na hela yake imeshamezwa na marejesho ya mkopo.

Nawaandikia wanaume wenzangu, hasa ninyi mnaohangaika na mazao kati ya Mbeya, Makambako na Dar. Mimi ni mtu wa viazi mviringo. Nanunua shambani, upande wa Isyonje na kule juu kwenye njia ya Kitulo, nashusha Uyole, natafuta gari la kwenda Dar, safari ya zaidi ya kilomita 800. Wasioijua kazi hii huona gunia limeshonwa limenona, wanasema huyu bwana ana hela. Wakulima wetu wanajua limenona kwa jasho la nani. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa bado ipo: gunia linajaa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Nimenunua lumbesa miaka mingi, sijisifu. Nalitaja kwa sababu mjomba wangu alikuja kulitumia neno hilo kunisema, na nitafika huko.

Mwaka ule, mwezi Machi, nilipakia magunia 80. Gari likakata ekseli Ruaha Mbuyuni. Anayeijua baridi ya milima ya Uporoto na joto la bonde la Ruaha Mbuyuni ameshaelewa. Viazi vilichimbwa mvua ikinyesha, vikapakiwa na unyevu wake, halafu vikakaa chini ya turubai siku tatu kwenye jua la bondeni. Siku ya pili maji yalianza kuchuruzika pembeni mwa bodi. Tulipofika Dar, dalali hakupanda hata kwenye gari. Alisimama chini, akanusa, akasema, "Pole, kaka."

Mtaji wote, pamoja na ushuru, wapakiaji na nauli ya gari, ulikuwa shilingi 5,100,000. Nilirudi na 850,000. Na milioni tatu za mtaji huo hazikuwa zangu. Nilikopa kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, marejesho 325,000 kila wiki kwa wiki 12. Piga hesabu mwenyewe.

Nilifika Uyole alfajiri. Mke wangu alikuwa amewasha jiko, akanipa chai, akauliza soko likoje. Nikamwambia, "Lilikuwa baya kidogo."

Hilo "kidogo" ndilo lililonigharimu. Viazi vinaoza, kila mfanyabiashara wa viazi ameshaozewa. Asubuhi ile ningesema "nimepoteza milioni nne na robo, na tatu nilikopa bila kukwambia," angelia, angenuna, tungegombana, na mchana tungeanza kupiga hesabu. Nilimficha kwa sababu nilijiambia namkinga asipate presha. Nimekuja kutambua kwamba sikuwa namkinga yeye hata kidogo. Nilikuwa nalinda ile sura yangu anayoiona akinifungulia mlango, sura ya mtu anayejua anachofanya.

Sasa sikiliza uongo unavyofanya kazi mwilini. Nilianza kuamka saa tisa usiku na kulala macho mpaka kuche. Chakula kikawa hakina ladha. Simu ikilia naipokelea nje, kwa sababu mpigaji ni mdai. Mke wangu akiniona natoka na simu, anahesabu vyake. Jioni nikawa napitia kilabuni, komoni, pombe yetu ya kienyeji, kopo mbili, halafu tatu. Na hasira! Mtoto akimwaga chai, nabwata kama amechoma nyumba. Asubuhi moja nilikuwa bado kitandani nikamsikia binti yangu mdogo akimuuliza mama yake jikoni, "Mama, leo baba ameamka vizuri au vibaya?" Alikuwa anataka kujua kama aje kunisalimia au apitie mlango wa nyuma aende zake shule.

Zamani nilidhani mwenye huzuni ni yule anayelia au anayekaa kimya kwenye kona. Wanaume wengi haiji hivyo. Inakuja kama ukali, pombe, mgongo kuuma bila sababu, kuchukia kelele za watoto wako mwenyewe. Ukijiona umekuwa mkali ghafla na hujui kwa nini, anza kukagua hapo.

Wiki ya saba nilikuwa nimeshauza pikipiki na kugusa ada ya mtoto mkubwa. Nikaenda kwa wakopeshaji wengine, wenye ofisi na kiyoyozi, nikiwa na hati ya nyumba kwenye bahasha. Yule kijana wa mezani akapekua, akaniuliza ridhaa ya mke iko wapi. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenza kukubali. Nikamwambia mke kasafiri. Nilipotoka nje, jamaa mmoja aliyekuwa kwenye foleni akanifuata mpaka barabarani. "Kaka, usihangaike. Yupo dada anasaini kama mke. Elfu hamsini tu."

Nitakuwa mkweli: sikukataa. Nilichukua namba yake. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili, nikijiambia ni njia ya muda tu, nikirudisha mkopo hakuna atakayejua. Mwanaume aliyeoa kanisani, mbele ya watu, alikuwa anatafuta mke wa kukodi wa shilingi elfu hamsini.

Siku ya tatu nilipanda Hiace kwenda Tukuyu kwa mjomba wangu. Safari yenyewe ilikuwa ya kumwomba hela, tusidanganyane. Mjomba ana umri wa kutosha kusema anachotaka. Aliniweka kwenye kigoda chini ya migomba, hakuuliza habari za biashara, akaniuliza, "Unaongea na nani siku hizi?" Nikadhani ananiuliza habari za wanawake. Akasema hapana, anauliza rika langu. Nani anajua mambo yako?

Sikuwa na jibu. Nina marafiki wengi tu. Tunaongea Simba na Yanga, bei ya viazi, siasa, nani kanunua gari. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Basi akanieleza jambo ambalo nimelisikia nusunusu tangu utotoni bila kulitilia maanani. Wanyakyusa wa zamani, mtoto wa kiume akikaribia miaka kumi na kitu, alihama nyumbani kwa wazazi kwenda kulala na vijana wa rika lake. Walijijengea vibanda vyao pembeni ya kijiji, na wakikua, hapo panakuwa kijiji chao. Kula walirudi kwa mama zao, wanakwenda kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walikua pamoja, wakaoa na kuzeeka humo. Neno lake ni ukwangala: kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao kwa uwazi. Mtu asiyekaa na wenzake alitiliwa shaka. Watu walijiuliza anaficha nini.

"Sisi," mjomba akasema, "mtu akikosa, wenzake wanajua kabla jua halijazama. Ninyi mmebaki na kilabu. Na kilabuni mtu haongei, anapiga kelele." Halafu akanitazama bahasha niliyoishika. "Umejishonea lumbesa, mjomba. Unataka watu waone gunia moja."

Hela hakunipa. Alinipa ndizi na parachichi za watoto, akanisindikiza mpaka stendi.

Usiku ule nilimwambia mke wangu. Hapa ndipo nina ushauri ambao nimeulipia, kwa hiyo uchukue. Nilimwambia watoto wakiwa wamelala, tukiwa tumekaa mezani, taa inawaka, sijanywa. Usimwambie mtu hasara kitandani gizani, atashindwa hata kuondoka akitaka kuondoka. Na nilianza na tarakimu. Sikuanza na "unajua maisha ni magumu." Nilisema: nimepoteza milioni nne na laki mbili na nusu, deni lililobaki ni hili, pikipiki nimeuza, ada nimegusa, na juzi nilikaribia kufanya jambo hili. Ukianza na maelezo, utajitetea mpaka usahau kusema chenyewe. Na ukisema nusu, ile nusu nyingine atakuja kuisikia kwa watu, na hapo hata nusu uliyosema itageuka uongo.

Msidhani alinikumbatia. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaongea, aliniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza kama siku zote, na hakutaja viazi. "Hela siyo shida. Mimi nilimwambia mama yangu pikipiki iko kwa fundi. Nimemdanganya mama yangu kwa mdomo wangu, nikikutetea." Akasema pia kwamba kwa wiki tano aliamini nina mwanamke, na alishaanza kuweka nguo zake kwenye begi moja. Nilidhani namwepusha na presha!

Kisha akaleta daftari. Akachora mistari, deni huku, kinachoingia huku. Kwenye kikoba chao alikuwa na akiba, akakopa kwa riba ya kibinadamu, tukawamaliza wale wa kausha damu. Ilituchukua miezi kumi na moja kusawazisha. Ilikuwa miezi migumu na tuligombana sana, lakini tuligombana kuhusu mambo ya kweli.

Kuhusu rika: ninao wawili sasa, fundi seremala wa hapa Uyole na mwalimu mmoja. Jumapili baada ya ibada tunatembea, hatukai kilabuni. Niligundua mwanaume huongea vizuri zaidi akiwa anatembea, hamtazamani usoni. Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Mwezi mzima tuliongelea mbolea.

Na kama giza lako limepita hapo, kama umefika mahali unawaza familia ingekuwa nafuu bila wewe, hilo si la kutembea nalo mpaka Jumapili. Mwambie mtu leo, asikuache peke yako, na uende hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya ina wataalamu wa afya ya akili, na kwenda kwao hakuna tofauti na kupeleka mguu uliovunjika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba duniani wanaume wanajiua zaidi ya mara mbili ya wanawake. Nikikumbuka zile saa tisa za usiku, sishangai.

Msimu huu nimepeleka mzigo tena. Bei imeanguka nikiwa njiani. Magunia manane dalali ameyakataa, kwa haki kabisa, yalikuwa na michubuko. Nikiwa hapohapo sokoni, kabla sijaweka hela mfukoni, nikamwandikia mke wangu ujumbe: tumeuza kwa bei hii, manane yamekataliwa, hasara ni laki tatu na elfu sitini. Baada ya dakika mbili akajibu: "Nimeona. Umekula?" Nikamwandikia bado. Akatuma mwingine: "Kula. Halafu nipigie, hayo manane usimwachie dalali bure, kuna mama wa chipsi namjua Temeke."