Mkuu, rudisha nobu ya hita kabla hujalala

Umeandika kwamba una tangi la samaki la lita 200 hapo Njiro, umenunua ESP32 (kompyuta ndogo utakayoifanya kontrola), rilei nne (swichi zinazoendeshwa na hiyo kontrola) na sensa ya joto ya DS18B20, na kwamba fundi amekwambia uzungushe nobu ya hita, ile inayopanga thamostati yake ya ndani ijizime kwenye joto gani, hadi mwisho ili kontrola iamue joto peke yake. Umeuliza pia programu gani ya simu ni nzuri, taa ziwake saa ngapi na mashine ya kulishia uiunganishe vipi. Hayo yatasubiri. La nobu halisubiri, kwa sababu ndilo lililoua samaki wangu.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo na muuzaji wa vifaa vya elektroniki. "Thamostati mbili zitagombana. Fahali wawili hawakai zizi moja. Hiyo ya hita ipeleke 34, uisahau." Alisema kwa uhakika kama mtu aliyefuga samaki miaka yote, kumbe hajawahi kuwa na hata ndoo ya perege. Hasira yangu kwake haijaisha, na nikisoma uzi wako naona ushauri ule bado unatembea mjini.

Nilikuwa na samaki wa Ziwa Tanganyika, Tropheus duboisi wa Kigoma. Niliwapata wakiwa wadogo, weusi wenye vidoadoa vyeupe, nikawalea mpaka vidoa vikatoka na mkanda mweupe ukakaa kiunoni. Hita ilikuwa ya wati 300, kontrola imeagizwa kushika digrii 25. Tukapata msiba Moshi, nikaenda. Niliporudi nikakuta maji ni 34 na samaki wote wameelea. Jike mmoja alikuwa bado na mayai mdomoni, maana hawa huatamia mdomoni.

Sasa sikiliza ilivyotokea, maana kwako itatokea vilevile. Zile sensa za DS18B20 zenye kichwa cha chuma zinauzwa kwa jina la "haziingii maji". Nyingi za bei rahisi huingia maji, pale waya unapokutana na chuma. Yangu iliingia, kutu ikala waya, mawasiliano yakakatika. Sensa hiyo isiposikika, maktaba ya programu (kodi iliyoandikwa tayari) ambayo karibu kila mtu anaitumia kuisoma hurudisha namba -127. Yaani digrii 127 chini ya sifuri. Programu yangu ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu joto: yakishuka chini ya 25, washa hita. Ikaona -127, ikawasha, na kila ikiuliza tena inajibiwa -127. Hita haikuzima tena.

Simu nayo haikulia. Tahadhari iliwekwa ilie joto likizidi 29, na -127 haizidi 29. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kijani.

Piga hesabu uone. Kupandisha lita 200 za maji kwa digrii moja kunataka kama kilojuli 840. Hita ya wati 300 inazitoa kwa dakika 47 hivi, ukiacha joto linalopotea kwenye kioo na juu ya maji. Kutoka 25 hadi 34 si safari ndefu. Usiku wa Julai wa Arusha utaichelewesha, hautaizuia. Na maji yakipata moto oksijeni inapungua: kwenye usawa wa bahari, maji ya digrii 25 yanaweza kubeba miligramu 8 na kidogo kwa lita, yakifika 35 ni kama 7. Sisi tuko karibu mita 1,400 juu, kwa hiyo hata hiyo hatuipati yote. Samaki naye akipata joto mwili unadai oksijeni zaidi. Wanakufa kwa kukosa pumzi huku pampu inazunguka vizuri kabisa.

Laiti nobu ingekuwa kwenye 27, hita ingejizima yenyewe kwenye 27. Duboisi kwenye 27 hana neno. Ningerudi kutoka Moshi nikakuta maji ya uvuguvugu na sensa ya kubadilisha, basi.

Ndiyo maana nakwambia: hita isitegemee kontrola peke yake. Kontrola ishike 25, thamostati ya hita yenyewe iwekwe 26.5 au 27. Kwa siku za kawaida kontrola itazima kwanza na hiyo ya ndani haitafanya kazi yoyote. Hazigombani! Ya ndani inakaa pale kwa ajili ya usiku ambao ya nje imedanganywa. Hao fahali wawili mimi nawataka wote zizini.

Usiniambie utarekebisha programu. Rekebisha, ni lazima: namba yoyote iliyo chini ya 15 au juu ya 40 ihesabiwe ni sensa mbovu, hita izimwe, simu ilie. Ujue pia kwamba sensa hiyohiyo hutoa 85 umeme unaporudi, kabla haijapima mara ya kwanza, na kwetu umeme unaporudi ni jambo la kila siku. Lakini programu nzuri kiasi gani haiwezi kufungua rilei iliyogandana. Vile virilei vya buluu vimeandikwa ampea 10, na hita ya wati 300 inavuta ampea 1.3 tu, kwa hiyo utadhani uko salama. Ukiiacha iwashe na kuzima kila sekunde chache kwa sababu joto linacheza kati ya 24.9 na 25.0, cheche zitakula vile vipande vya chuma vinavyogusana ndani mpaka vishikane. Rilei ikishikana, hita inawaka hata ukiing'oa ESP32 ukaitupa. Weka pengo la nusu digrii kati ya kuwasha na kuzima, na bado acha nobu kwenye 27.

Tena gawanya hita. Badala ya moja ya wati 300 nunua mbili za 100, kila moja na rilei yake. Moja ikigoma kuzima, wati 100 zinahitaji zaidi ya saa mbili kwa kila digrii, na kwa baridi ya kwetu huenda zisifike popote pabaya. Na kama utauziwa hita ya titani isiyo na thamostati ndani, ziko nyingi, usiifunge bila kununua thamostati ya pembeni inayojitegemea, ya kuchomeka kwenye soketi.

Pampu ya chujio iweke upande wa NC wa rilei (unaopitisha umeme rilei ikiwa imezimwa), hita upande wa NO (usiopitisha mpaka rilei iwashwe). Kontrola ikizimika kabisa, pampu inaendelea kuzungusha maji na hita inabaki imezima. Hata wenye Neptune Apex, kontrola ya tangi ya pesa nyingi, wana sehemu ya kila soketi inayoitwa Fallback ya kuchagua iwake au izime pindi mawasiliano na ubongo wake yanapokatika. Wanaotengeneza vitu hivyo wanajua kwamba vinakufa. Anayetuuzia rilei mtaani ndiye asiyetaka kujua.

Taa weka taima ya kawaida, haina haja ya ESP32.

Kabla ya kulala, jaribu hivi. Chomoa sensa kwenye tangi, itumbukize kwenye glasi ya maji baridi ya digrii 20 hivi, si ya barafu, maana chini ya 15 programu uliyoirekebisha itaihesabu ni mbovu na kuizima hita. Kontrola itaona baridi na kuwasha hita. Vuta kiti ukae hapo na kipimajoto cha kioo ndani ya tangi. Itachukua saa moja na nusu au zaidi. Taa ya hita inatakiwa izime yenyewe maji yakikaribia 27, huku rilei bado imewasha. Ikifika 28 na bado inawaka, ichomoe kwenye soketi, iache ipoe majini, kesho uirudishe dukani. Ikijizima, ng'oa kabisa waya wa sensa uone programu yako inafanya nini na -127. Ukimaliza njoo uandike hapahapa ulichokiona.