Maswali ya Wasomaji: Taa ya Eabegi Isiyozimika na Chesisi Inayoliwa na Chumvi

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mkazi wa Mikindani, Mtwara, na kazi yangu ni kupeleka samaki Newala na Tandahimba. Mwaka jana nilinunua pikapu ya mwaka 2008 ambayo ilikwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Tangu siku ya kwanza taa ya eabegi haizimiki. Fundi ananishauri aing'oe balbu, kwa kuwa gari linatembea vizuri, lakini jirani yangu anasema viwanda viliwahi kuwaita wenye magari ya miaka hiyo wayarudishe yakarekebishwe. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, msikilize jirani. Taa hiyo huwaka pale mfumo wa eabegi unapojikagua na kukuta hitilafu, na maana yake ni kwamba siku ya ajali eabegi, yaani mfuko wa hewa unaokukinga, huenda usifunguke kabisa. Kuing'oa balbu hakurekebishi chochote; kunakuficha hatari wewe, na kesho kutamficha yule utakayemuuzia.

Hukutaja aina ya gari lako, nami sitabahatisha, ila mfano mmoja unafanana sana na shida yako. Mwezi Aprili 2014 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 6 duniani kwa kasoro mbalimbali, na Hilux zilikuwamo. Kasoro mojawapo ilikuwa katika waya uliozungushwa chini ya usukani, ambao hupeleka umeme kwenye eabegi ya dereva: waya huo ulipoharibika, taa iliwaka na mfuko ungeweza kukosa kufunguka. Gari lililoitwa likauzwa kabla ya kurekebishwa huendelea kubeba kasoro yake kwa kila mmiliki anayefuata, na ndiyo maana sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika tunapaswa kufuatilia habari hizi kuliko wale walioyanunua mapya.

Lipo jambo jingine ambalo linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu halina taa ya kukuonya. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vilipuzi vya kujazia eabegi vilivyotumia nitrati ya amonia, vingi vikiwa havina kitu cha kunyonya unyevu. Joto linalopanda na kushuka, pamoja na unyevu wa hewa, huiharibu kemikali hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata siku ya ajali inaungua kwa kasi kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka, na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Nchini Marekani watu wawili walikufa namna hiyo katika pikapu za Ford Ranger za mwaka 2006, mmoja Desemba 2015 na mwingine Julai 2017. Januari 2018 wenye pikapu zipatazo 2,900 za aina hiyo wakaambiwa wasiziendeshe tena hadi zirekebishwe. Ranger hizo za Marekani si sawa na hizi tunazoziona barabarani kwetu, lakini vilipuzi vya Takata viliwekwa katika magari ya kampuni nyingi, na jumla ya vilivyoitwa duniani ilipita milioni 100. Sasa fikiria gari linaloshinda juani ufukweni Mikindani mwaka mzima. Mazingira yaliyotajwa kuwa mabaya zaidi kwa vilipuzi hivyo, yaani joto na unyevu vikikutana, ndiyo hali yetu ya kila siku.

Kwa hiyo chukua kadi ya gari, nakili namba ya chesisi, kisha uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe. Hilux ambayo namba yake inaanza na MR0 ilitengenezwa Thailand, na inayoanza na AHT ilitengenezwa Afrika ya Kusini. Magari yaliyouzwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi, ambayo kurasa za intaneti za Marekani na Ulaya haziikubali, hivyo nayo itafute katika ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji. Mwandikie pia wakala wa aina ya gari lako aliyeko Dar es Salaam, umpe namba hiyo, na umwombe akujibu kwa maandishi. Jambo moja nakusihi: usinunue usukani wenye eabegi kutoka maduka ya spea za mtumba, kwa maana unaweza kuwa unatoa hatari ndogo na kuweka kubwa.

SWALI: Ninabeba chumvi Kilwa kwa pikapu yangu, na chesisi imeanza kumenyeka magamba. Je, hili nalo ni kosa la kiwanda?

JIBU: Mara nyingi ni kazi ya chumvi, ingawa wakati mwingine kiwanda nacho huwa na lake. Wenye pikapu za Toyota Tacoma nchini Marekani, ambako humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, walilalamika miaka mingi kwamba chesisi zinaoza kwa kuwa hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu, na mwaka 2016 yakafikiwa makubaliano mahakamani ya kuzikagua na kubadilisha zilizooza. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu: picha, tarehe na risiti. Nawe anza kuziweka.

Kabla ya hapo, ingia chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo. Gonga chesisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Ikizama, usibebe mzigo tena, wala usikubali fundi achomelee bati juu ya kutu. Kagua pia mabomba ya breki, kwa sababu huliwa na chumvi ileile na ni membamba zaidi. Ikiwa chuma bado ni kizima, zibua matundu ya chini ya chesisi yaliyozibwa na tope, osha kwa maji baridi yasiyo ya bahari kila baada ya safari ya chumvi, acha ikauke, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu. Oili chafu ambayo wengi hupaka huharibu bushi na hozi za breki, kwa hiyo iache.