Appalachian Trail kwa safari za siku moja, mkwe akikusubiri na gari: anza na barabara

Dada, umeuliza kama mtu wa Nairobi anayekwenda kumtembelea bintiye Maryland mwezi wa Juni anaweza kuionja Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, kwa safari za siku moja moja, mkwe akimpeleka na kumchukua. Anaweza kabisa. Mimi na mke wangu tulifanya hivyo tukiwa kwa kaka yangu pande hizo hizo, na kila jioni tulirudi kuoga na kula ugali.

Wengine hushauri mtu achague kwanza kilele cha kupanda. Sikubaliani nao. Njia ile ina karibu kilomita 3,500, toka Georgia hadi Maine, majimbo 14. Wewe huendi kuimaliza. Chukua ramani utafute pale inapokata lami na pana pa kuegesha gari. Siku yako ni kipande kilicho kati ya sehemu mbili za namna hiyo. Maryland inafaa sana kwa hilo, maana jimbo zima lina kama kilomita 66 tu za njia, na barabara zinaikata mara kwa mara.

Siku ya kwanza mshuke mji wa Harpers Ferry, ng'ambo ya mto Potomac, upande wa West Virginia. Unavuka mto kwa daraja la waendao kwa miguu, kisha unafuata ukingo wa mfereji wa zamani wa mashua wa Chesapeake na Ohio (C&O), tambarare tupu kwa zaidi ya kilomita nne, hadi karibu na Weverton. Hapo utajua viatu vyako vinasemaje kabla mlima haujaanza. Mkwe na wajukuu nao hawakai bure: Harpers Ferry ndiko John Brown alikovamia ghala la silaha mwaka 1859 akipigania watumwa waachiliwe, na makumbusho yapo. Siku nyingine panda kutoka Weverton hadi hifadhi ya Gathland, kama kilomita kumi juu ya mgongo wa South Mountain. Gathland pana mnara wa waandishi wa habari za vita, wa mwaka 1896, na nyasi za watoto kuchezea.

Alama ni mistari myeupe kwenye miti. Ukiona miwili, mmoja juu ya mwingine, kaa macho, mara nyingi njia inapinda. Ya buluu ni vijia vya pembeni.

Jambo la kukubaliana vizuri ni saa. Simu hupoteza mtandao mlimani, kwa hiyo sisi tulipanga hivi: dereva haondoki pale tulipoahidiana, sisi hatutokei barabara nyingine hata tukichoka, na zikipita saa mbili baada ya muda tuliopanga, anawapigia askari wa hifadhi. Sisi tumezoea jua kuzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Kule Juni linazama karibu saa tatu usiku, lakini Desemba ni kabla ya saa kumi na moja jioni. Usije ukamwambia mkwe "tukutane giza likianza".

Mazoezi fanya Ngong Hills, kutoka lango la juu hadi Kona Baridi, mtu wa nyumbani akizunguka na gari kupitia Kiserian. Ngong inafika mita 2,460, kwa hiyo pumzi haitakusumbua South Mountain. Kitakachokusumbua ni joto la unyevu kama la Mombasa, basi beba maji zaidi ya unavyobeba Ngong. Na kupe! Wa kule huambukiza ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, jikague kila jioni.

Najua kumpandia mkwe garini ukinuka jasho si jambo dogo kwetu. Weka kwenye buti leso ya kukalia, kandambili na blauzi safi.

Miguu ikikubali, omba mpelekane hifadhi ya taifa ya Shenandoah huko Virginia, ambako barabara ya Skyline Drive inakutana na njia mara nyingi sana. Ila muulize mkwe kwanza: mwendo unaoruhusiwa pale ni kama kilomita 56 kwa saa, na kwenda tu kutoka Maryland kutamla asubuhi nzima.