Meza ya mteja ichore kutoka pale atakaposimama

Michoro mingi ya samani za ofisi ninayoletewa na vijana niipitie ina kasoro moja, na kasoro hiyo haitokani na programu. Meza imechorwa vizuri, rangi ya mbao ipo, vivuli vipo, lakini ukiitazama unajiona kama umening'inia darini pamoja na feni.

Chanzo chake kinaeleweka. Ukiwa kazini kwenye SketchUp, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, unakizungusha kitu kwa maus, na kutoka juu ndiko kila kipande kinakoonekana. Ukimaliza, unatoa picha palepale ulipo na kuituma WhatsApp. Mteja hataiona meza yake kutoka huko hata siku moja. Ataiona akiwa amesimama mlangoni, au amekaa kwenye kiti cha mgeni.

Kwa hiyo ukishamaliza kuchora, jambo la kwanza liwe jicho, rangi baadaye. Kwenye SketchUp fungua menyu ya Camera, chagua Position Camera, bofya sakafuni pale mtu angesimama, kisha andika kimo cha jicho. Programu yenyewe huweka kama mita 1.68. Mimi huandika milimita 1600, na nikitaka jicho la mgeni aliyeketi, 1200. Baada ya hapo chagua Two-Point Perspective, ili miguu ya meza na milango ya kabati isimame wima badala ya kuegemeana. Ukishaipata picha unayoitaka, ihifadhi kama Scene, yaani mwonekano unaoweza kuurudia, kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu ukizungusha kidogo tu, mpangilio ule unavunjika. Wanaotumia programu nyingine nao wawashe mwonekano huu wa vitu vya mbali kupungua: wa AutoCAD, andika PERSPECTIVE kisha 1. Wa FreeCAD, ambayo ni ya bure na haina haja ya intaneti, bonyeza V kisha P.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wengi huiachia programu kila kitu. Chukua meza ya urefu wa sentimita 160, upana 75 na kimo 75. Simama mita 3 kutoka ukingo wake wa mbele, jicho likiwa sentimita 160 kutoka sakafuni. Jicho liko sentimita 85 juu ya uso wa meza. Ukingo wa nyuma uko mbali zaidi, mita 3.75, kwa hiyo ile 85 inasinyaa na kuwa 68. Maana yake uso wote wa meza, wenye upana wa 75, unaonekana kama ukanda wa 17 tu, wakati kimo cha upande wa mbele kiko palepale kwenye 75. Nao ukingo wa nyuma wenye urefu wa 160 unaonekana kama 128.

Sogea hadi mita 1 urudie hesabu. Ukingo wa nyuma unashuka hadi kama 91, na ule ukanda unapanda kufikia 36. Meza ni ileile, vipimo ni vilevile, lakini kwenye picha imekuwa ndefu kwenda nyuma kama ya bodi ya wakurugenzi. Watu husema lenzi pana ndiyo inayoharibu. Kinachobadilisha umbo la meza ni umbali uliosimama. Ile pembe ya Field of View inaamua tu ni kiasi gani cha chumba kitaingia kwenye fremu, ingawa ukiipanua sana vitu vya pembeni huvutika na msingi wa kiti cha kuzunguka unageuka yai. Nyuzi 35 za kuanzia zinatosha meza moja. Kwa chumba napanda hadi 50 au 55, na sipendi kuvuka hapo.

Utaniambia ofisi yenyewe ni ya mita 3 kwa 3, hiyo mita 3 ya kurudi nyuma naipata wapi? Ficha ukuta. Kwenye kompyuta unaruhusiwa kusimama nje ya jengo na kuutoa ukuta ulio mbele yako, au kuukata kwa Section Plane. Wanaobana kamera ndani ya kichumba na kufungua pembe mpaka nyuzi 80 wanampa mteja ukumbi, halafu siku ya kupeleka mzigo kiti hakirudi nyuma bila kugonga kabati. Mteja akilalamika siku hiyo, ana haki.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya namna hii inalificha, nalo lina pesa ndani yake. Bodi ya MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kwa kawaida ni milimita 2440 kwa 1220. Meza ya upana wa 600 unapata nyuso mbili kwa bodi moja, 1200 jumla, na msumeno unabakiwa na nafasi yake. Ukienda 750 unapata uso mmoja, na kipande kinachobaki utakifanyia ubao wa mbele au droo. Kwenye picha, kutoka mita 3, tofauti kati ya meza hizo mbili ni ukanda wa sentimita 14 badala ya 17. Mteja haioni! Atakubali ya 600 kwa sababu ni nafuu, kisha akiweka kompyuta na kibodi ataona mikono haina pa kukaa. Kwa hiyo usimwache achague kwa macho matupu. Weka juu ya meza vitu ambavyo ukubwa wake anaujua: karatasi ya A4, kompyuta mpakato, faili la maboksi. Zitengeneze kwa vipimo vyake halisi, A4 iwe milimita 210 kwa 297, usiokote modeli mtandaoni bila kuipima. Nyingine huja na ukubwa wa ajabu. Ningesema hilo lina faida kuliko mwangaza wa kupendeza unaokula saa nzima ya kompyuta.

Na fundi je? Picha hii usimpe peke yake. Hairuhusu kuwekewa rula, kwa kuwa sentimita moja ya mbele si sawa na sentimita moja ya nyuma. Rudi kwenye Camera, chagua Parallel Projection, ambayo haipunguzi vitu vya mbali, mtolee mwonekano wa juu, wa mbele na wa ubavu, kila kimoja kikiwa na vipimo kwa milimita, pamoja na orodha ya vipande vya kukata. Kwenye picha ya mteja mimi huandika pembeni urefu, upana na kimo kwa tarakimu kubwa, ili hata ikisambazwa kwenye kundi la ofisi yao na mhasibu akaiona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, namba zisomeke.